Mpira wa Mshipa Mkuu wa Damu: Mlango wa Tiba Unaohitaji Ulinzi

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mgonjwa wa figo kutoka Bariadi anayeanza kusafishwa damu katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, mara nyingi hurejea kwa ndugu zake akiwa na mpira mwembamba uliotokeza shingoni au chini ya mtulinga, umefunikwa kwa bandeji. Wanaompokea hudhani ni kanula ya dripu kama zile wanazoziona zahanati. Tofauti ni kubwa.

Kanula hukaa katika mshipa mdogo wa mkono. Mpira huu hupita ndani ya mshipa mkuu, na ncha yake huishia karibu na moyo. Ndiyo maana unaweza kupitisha damu nyingi kwenda kwenye mashine na kuirudisha, au kupitisha dawa kali ambazo zingeunguza mshipa mdogo. Hutumika pia kwa wagonjwa mahututi na baadhi ya wagonjwa wa saratani. Daktari wa Ujerumani, Werner Forssmann, alipojipitishia mpira kutoka mkononi hadi moyoni mwaka 1929, wengi hawakumthamini. Mwaka 1956 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hata hivyo, njia inayopitisha dawa hupitisha pia vimelea. Ngozi ni ukuta, na mpira umeutoboa ukuta huo. Bakteria wa ngozini huweza kutambaa ubavuni mwa mpira, au kuingia mdomoni mwake unaposhikwa kwa mikono isiyo safi. Wakishajishikiza, hujijengea utando unaowakinga dhidi ya antibayotiki. Kwa sababu hiyo mara nyingi dawa pekee haitoshi na mpira hulazimika kutolewa.

Dalili kuu ni homa, baridi na kutetemeka, na kwa anayesafishwa damu mara nyingi huanza akiwa kwenye mashine. Hapa ndipo penye mtego kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, ambako homa hufikiriwa kwanza kuwa malaria. Kupima malaria ni sahihi. Kosa ni kuishia hapo. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002, na kuchapishwa mwaka 2007, ulibaini kuwa asilimia 43.5 ya waliokuwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gramu hasi walifariki, ikilinganishwa na asilimia 20.2 ya waliokuwa na malaria. Utafiti huo haukuhusu mipira hii, lakini unaonesha uzito wa bakteria wanapoingia katika damu, hasa wanapokuwa sugu kwa dawa zilizopo. Damu ya mgonjwa mwenye mpira na homa inapaswa kuchukuliwa na kuoteshwa maabara kabla ya kuanza antibayotiki, ili ijulikane ni kimelea gani na dawa ipi inakiweza.

Maambukizi haya yanazuilika, na kinga yake si ya gharama kubwa. Katika Jimbo la Michigan, Marekani, wodi 103 za wagonjwa mahututi zilisimamia mambo matano tu: kunawa mikono, daktari kuvaa barakoa, kofia, joho na glavu safi na kumfunika mgonjwa shuka safi mwili mzima, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena, na kutoa mpira usiohitajika tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha maambukizi kupungua kwa hadi asilimia 66 katika miezi 18. Jambo la kuzingatia ni kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Pengine hilo ndilo gumu kuliko kununua klorheksidini.

Suala hili linazidi kuwa la karibu. Kupitia fedha za mpango wa UVIKO-19, Shilingi trilioni 1.3, uliozinduliwa Oktoba 2021, Serikali ilijenga wodi za wagonjwa mahututi na majengo ya dharura katika hospitali mbalimbali nchini. Kadiri huduma hizo zinavyosogea, ndivyo familia nyingi zaidi zitakavyokutana na mpira huu.

Nyumbani, bandeji haifunguliwi. Kuifungua na kupangusa kidonda kwa pamba na spiriti ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Mpira haulowanishwi wakati wa kuoga, hauvutwi, na hautumiki kuweka dripu wala kuchota damu ya vipimo isipokuwa kwa maelekezo ya kitengo kinachomhudumia mgonjwa. Ndugu wana haki ya kumuuliza daktari: mpira huu bado unahitajika? Kwa atakayesafishwa damu kwa muda mrefu, waulize pia lini ataunganishwa mishipa ya mkononi, njia yenye hatari ndogo zaidi ya maambukizi.

Homa au kutetemeka kukitokea, au kidonda kikitoa usaha, mgonjwa asisubiri siku yake ya kwenda Mwanza. Apelekwe siku hiyo hiyo katika hospitali iliyo karibu, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyopo Nyaumata, na mhudumu wa kwanza kumpokea aambiwe, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba mgonjwa ana mpira katika mshipa mkuu na uliwekwa lini.