Mtoto Asiyeona Magharibi

Mtoto anayepapasa ukuta jua likishatua, ilhali mchana anaona vizuri, si mzembe wala hakurogwa. Mara nyingi amepungukiwa na vitamini A, na jicho lake linautolea habari mwili mzima.

Ukweli huo ulidhihirika visiwani. Mwaka 1983 Daktari Alfred Sommer na wenziwe walieleza kwamba kisiwani Java, Indonesia, watoto wenye dalili hafifu za maradhi hayo ya macho walikufa kwa kiasi cha mara nne kuliko wenzao. Mwaka 1986 yakatangazwa matokeo ya jaribio la vijiji 450 vya Aceh, kisiwani Sumatra: katika vijiji ambamo watoto walipewa vitamini A, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa theluthi moja.

Wazazi wa visiwa vyetu wana mapapai, maembe, mchicha na kisamvu, wawalishe watoto. Serikali nayo ihakikishe vitamini A haikosekani katika zahanati, hata za visiwa vidogo. Na mama akisema mwanawe haoni usiku, asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Hilo si la jicho peke yake. Ni la uhai.