Usiku Coulson Aliporudi: Kweli na Uongo kuhusu Agents of S.H.I.E.L.D.

Jumanne ya tarehe 24 Septemba 2013, Phil Coulson, jasusi wa shirika la kubuni la S.H.I.E.L.D., alitoka kwenye kona yenye giza akiwa mzima wa afya, suti imemkaa vizuri. Mwaka mmoja nyuma, katika filamu ya The Avengers, mwovu Loki alikuwa amemchoma akafa, na kifo hicho ndicho kilichowafanya mashujaa wagombanao washikamane. Sasa kituo cha ABC cha Marekani kilimrudisha aongoze kikosi cha majasusi wasio na nyundo ya radi wala vazi la chuma. Tangu usiku ule yamesemwa mengi kuhusu ufunguzi huo na kuhusu funguzi za misimu iliyofuata. Mengi husemwa na wapenzi wenyewe wa tamthilia, na ndiyo maana nayachukulia kwa uzito. Hadithi ikikaririwa vibaya, walioitunga hunyimwa sifa yao.

"Wahusika wote walitoka kwenye vitabu vya katuni."

Si kweli. Shirika la S.H.I.E.L.D. lenyewe ndilo la zamani. Stan Lee na Jack Kirby walilianzisha mwaka 1965 katika jarida la Strange Tales, toleo la 135, enzi ambazo James Bond na tamthilia ya The Man from U.N.C.L.E. zilikuwa zimewatia watu wazimu wa ujasusi. Lakini Coulson alizaliwa sinemani, katika Iron Man ya mwaka 2008, na mwigizaji wake tangu siku hiyo ni Clark Gregg. Melinda May, Leo Fitz na Jemma Simmons walibuniwa kwa ajili ya televisheni, kisha katuni ndizo zikawafuata. Kwa Skye mambo ni tofauti kidogo. Katika ufunguzi ni msichana mdukuzi anayeishi ndani ya gari, asiyejua wazazi wake ni nani. Ilibidi tusubiri hadi msimu wa pili kujua kwamba ndiye Daisy Johnson, ambaye wasomaji wa katuni walikuwa wakimjua tangu mwaka 2004.

"Hiyo ndiyo mara ya kwanza S.H.I.E.L.D. kuonekana kwenye televisheni."

Si kweli pia. Mwaka 1998 kituo cha Fox kilirusha filamu ya televisheni kuhusu Nick Fury, jasusi wa S.H.I.E.L.D., na aliyevaa kitambaa cha jicho alikuwa David Hasselhoff.

"Joss Whedon aliiongoza tamthilia nzima."

Alikiongoza kipindi cha kwanza tu, na aliandika mswada wake pamoja na mdogo wake Jed Whedon na Maurissa Tancharoen. Baada ya hapo alikwenda kutengeneza Avengers: Age of Ultron. Jed na Maurissa, ambao ni mume na mke, pamoja na Jeffrey Bell, ndio waliobeba mzigo kwa miaka saba, na majina yao yangestahili kutajwa kwanza.

"Ufunguzi ule uliwavunja watu moyo, na hakukuwa na kitu ndani yake."

Huu ndio uongo unaoniuma zaidi. Tuanze na hesabu: usiku ule walitazama watu zaidi ya milioni 12. Malalamiko yalikuja wiki zilizofuata. Watu walitarajia kumwona Iron Man kila Jumanne, wakaletewa kisa cha baba wa familia aliyeachishwa kazi. Huyo ni Mike Peterson, ambaye J. August Richards alimwigiza vizuri mno. Tunamkuta Los Angeles akiwa na mwanawe mbele ya dirisha la duka lenye vikaragosi vya Avengers. Jengo linalipuka, naye anamwacha mtoto pembeni, anapanda ukuta kwa mikono mitupu na kuruka na mwanamke aliyemwokoa. Nguvu zake si za kuzaliwa. Ni kifaa alichofungwa mkononi, chenye dawa ileile ya Extremis iliyokuwa ikilipua watu katika Iron Man 3 miezi michache kabla. Mtu aliyeumia mgongo kiwandani, akanyimwa riziki, amekubali kugeuzwa kitu cha majaribio ili aweze tena kumlea mwanawe. Na kikosi cha Coulson hakikuitwa kupambana na jini kutoka sayari nyingine. Kilikuja kuamua kama mtu huyu auawe au asikilizwe. Coulson anasimama mbele yake, bila silaha, anamsikiliza. Sijaona filamu kubwa ya Marvel iliyoiuliza dunia ya mashujaa swali hilo kwa upole namna ile: hivi vishindo vyenu vinamwachia nini mtu wa kawaida?

"Hydra, adui wa S.H.I.E.L.D., ilichomekwa katikati ya msimu ili kuokoa jahazi."

Si kweli. Filamu ya Captain America: The Winter Soldier ilitoka Marekani tarehe 4 Aprili 2014, ikaonyesha kwamba S.H.I.E.L.D. imeoza ndani kwa ndani, imejaa watu wa Hydra. Siku nne baadaye, sehemu ya 17 ya tamthilia iliporushwa, nyumba ile ile iliwaangukia kina Coulson, na Grant Ward, mmoja wa kikosi chao, akajitokeza kuwa msaliti. Waliokuwa wameacha kutazama walirudi wakisema watunzi wameamka usingizini. Ukweli ni kwamba watunzi waliijua siri ya filamu tangu mwanzo, na iliwabidi wajaze miezi sita ya hadithi huku midomo imefungwa. Huko ndiko kujikokota kwa sehemu za mwanzo kulikotoka.

Ukikirudia kipindi cha kwanza ukijua hayo, utaona kilivyopangwa. Anayemlenga Mike Peterson kwa bunduki mwishoni, na kumwangusha bila kumuua, ni Ward. Na Maria Hill, afisa wa S.H.I.E.L.D., anamwambia daktari, faragha, kwamba Coulson kamwe asijue alivyofufuliwa. Jibu la fumbo hilo lilikuja katika sehemu ya 14. Kingine ambacho wengi hawakikumbuki: Hydra nayo ilizaliwa mwaka 1965, katika toleo lile lile la 135 lililoizaa S.H.I.E.L.D.

"Kila ufunguzi uliwavuta watu wachache kuliko uliotangulia."

Hili ni kweli, halina ubishi. Msimu wa pili ulifunguliwa na watazamaji karibu milioni 6, wa tatu karibu milioni 5, wa nne milioni 3 na nusu hivi, wa tano milioni 2 na nusu. Tamthilia ilisukumwa kutoka saa 2 usiku hadi saa 3, kisha saa 4, halafu ikapelekwa Ijumaa. Hata hivyo iliendelea hadi Agosti 2020, ikiwa na sehemu 136.

"Jemma Simmons yumo katika ufunguzi wa msimu wa pili."

Hapa jibu ni gumu. Kipindi hicho, cha Septemba 2014, kinaanzia mwaka 1945 kwa jasusi Peggy Carter, na wengi hukikumbuka kwa sababu yake. Mimi nakikumbuka kwa sababu ya Fitz. Mwisho wa msimu wa kwanza, Ward aliwatupa Fitz na Simmons, wanasayansi wa kikosi, baharini ndani ya chumba cha chuma. Hewa ya kuvuta ilimtosha mtu mmoja, na Fitz akampa Simmons. Fitz alipona, lakini ubongo wake ulikuwa umeumia. Msimu mpya unapofunguliwa, Fitz yuko maabara akitafuta maneno ambayo hayaji, na Simmons yuko kando yake akimkumbusha, akimtia moyo. Elizabeth Henstridge, mwigizaji wa Simmons, anaonekana wazi, anasema, anatabasamu. Lakini tazama vizuri: hakuna mtu mwingine anayemjibu. Dakika za mwisho tunaambiwa kwamba Simmons aliondoka zamani, na Fitz amekuwa akizungumza peke yake.

Simmons halisi tunamkuta katika sehemu ya 3. Anaamka asubuhi, anajiandaa kama mfanyakazi yeyote, anafika kazini, na kazini kwenyewe ni kwenye maabara ya Hydra.