Fundo la Mishipa Kichwani Halina Uchafu wa Kusafishwa

"Daktari, kabla ya upasuaji, hatuwezi kujaribu kwanza dawa ya kusafisha mishipa?" Ndugu wa wagonjwa waliovuja damu kwenye ubongo kutokana na fundo la mishipa, yaani AVM, wananiuliza hivyo kila mara. Jibu ni hapana.

Mshipa huo haukuchafuka, umeungana vibaya. Kwa kawaida damu hutoka kwenye ateri kwa presha kubwa, hupita kwenye kapilari zinazoipunguza nguvu, ndipo huingia kwenye vena. Ndani ya fundo kapilari hazipo. Ateri inaimwagia vena moja kwa moja, na ukuta wa vena haukuumbwa kuhimili kishindo hicho. Hutanuka, hudhoofika, mwisho hupasuka. Sasa kitunguu saumu, tangawizi au unga wa kwenye kopo unasafisha nini hapo? Mafuta yanayoziba ateri za moyo ni ugonjwa mwingine kabisa. Muuzaji ameuhamishia kichwani ili auze. Tena kitunguu saumu kilichokolezwa kwenye vidonge kinaweza kudhoofisha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mtu kavuja damu juzi, leo mnampa cha kuizuia isigande! Hilo linanikasirisha, na sioni sababu ya kulificha.

Hata sisi wa hospitali hatuna kidonge cha kulifunga fundo hilo. Mwaka 2018 watafiti walikuta mabadiliko ya jeni ya KRAS kwenye mafundo ya wagonjwa 45 kati ya 72, na ugunduzi huo umefungua njia ya kujaribu dawa za saratani. Kwa kavenoma, ambayo ni hitilafu tofauti, jaribio la propranolol nchini Italia lenye wagonjwa 83, lililochapishwa 2023, lilionyesha kuwa dawa ni salama, lakini halikuthibitisha kwamba inazuia kuvuja. Matumaini yapo, tiba ya dukani haipo.

Kilichopo ni hiki: kulikata fundo, kuliziba kwa gundi kupitia katheta, au kulipiga mionzi, ambayo huchukua miaka 2 hadi 3 kulifunga, na muda wote huo linaweza kuvuja. Dawa zina kazi yake: kushusha presha, kuzuia kifafa, kutuliza maumivu. Aspirini usiianze wala usiiache bila daktari wako. Fundo lisilowahi kuvuja lina hesabu yake: katika utafiti wa ARUBA wa 2014, wenye wagonjwa 223, waliopata kiharusi au kufa walikuwa asilimia 10 kati ya waliopewa dawa za dalili tu, na asilimia 31 kati ya walioingiliwa fundo lenyewe.

Lililokwisha kuvuja halingoji: hatari ya kurudia iko juu zaidi mwaka wa kwanza. Kichwa kikiuma ghafla kuliko kawaida, mtu akatapika, akapooza au akaanguka kifafa, mpelekeni apigwe CT siku hiyo hiyo. Fedha ya kopo ilipieni picha.