Watoto wafundishwe kutambua mawe yaliyochongwa

Katika malisho na mashamba yaliyo kati ya Naivasha na Nakuru, mawe meusi yanayong'aa mithili ya chupa iliyovunjika si jambo geni. Hayo ni obsidiani, yaani kioo cha volkano, kipatikanacho kwa wingi katika milima ya Eburru. Mengine yalivunjwa na maumbile. Mengine ni zana za binadamu wa kale. Mtoto ajuaye tofauti hiyo aweza kuiokoa historia ambayo wakubwa huikanyaga bila kujua.

Ushahidi upo. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey aligundua mwaka wa 1928 mashoka ya mkono yaliyochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Katika kilima cha Hyrax, mjini Nakuru, Mary Leakey alichimbua makaburi na makaazi kuanzia 1937. Humo mmo pia vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani.

Je, mtoto atazame nini? Kwanza, kibanzi kilichobanduliwa kwa kugongwa huwa na kinundu karibu na mahali kilipopigwa, na mawimbi madogo yatokayo hapo kama ya maji yaliyotupiwa kijiwe. Pili, zana huwa na makovu mengi yanayofuatana ukingoni, mara nyingi pande zote mbili. Jiwe lililoviringishwa na mto huwa na kona butu. Kovu moja halitoshi kuwa ushahidi, kwani hata kwato za ng'ombe au trekta huweza kumegua jiwe.

Mwalimu aweza kuchanganya kokoto, obsidiani na picha za zana, kisha amwulize kila mwanafunzi sababu ya jibu lake. Watoto waonywe kwamba kingo za obsidiani hukata kama wembe.

Funzo kuu, hata hivyo, ni kutookota. Zana ikiondolewa mahali pake, wataalamu hawawezi tena kujua ilikuwa katika tabaka gani la udongo wala iliandamana na mifupa gani. Mtoto aweke alama mahali hapo, kisha amweleze mzazi au mwalimu, naye aarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu makavazi na turathi inamtaka mgunduzi atoe taarifa.

Ardhi inapozidi kugawanywa viwanja na kuchimbwa mawe ya ujenzi, huenda jicho la mtoto mchungaji likawa la kwanza, na la mwisho, kuiona zana hiyo mahali ilipoachwa.