Jicho moja linatoa machozi, kichwa kinapasuka: huenda si kipandauso

Kutoka Bwejuu hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, ni zaidi ya kilomita 50. Kwa mwenye maumivu ya kichwa ya klasta, akifika kwa daktari huenda maumivu yenyewe yameshakata.

Shambulio moja hudumu dakika 15 hadi masaa 3, na linaweza kurudi hata mara 8 kwa siku, mara nyingi usiku, wakati uleule. Maumivu hukaa upande mmoja, jichoni. Jicho linakuwa jekundu, machozi yanatoka, pua inaziba. Mwenye kipandauso hutaka kulala gizani. Huyu hatulii, anazunguka chumba kizima. Wapo wanaotibiwa sinasi, au kung'olewa jino lisilo na kosa.

Panadol hapa haifui dafu. Kinachosaidia ni sindano ya sumatriptani, au oksijeni safi kwa maski, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kama robo saa. Ndiyo, oksijeni ileile wanayopewa wagonjwa wa nimonia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 ulionyesha ilikata maumivu ndani ya dakika 15 kwa asilimia 78. Hewa ya kawaida, asilimia 20. Kuzuia yasirudi kuna verapamili, ila moyo upimwe kwanza.

Kwa hiyo simu iwe karibu. Likianza, mtu wa nyumbani arekodi jicho, uso na saa, daktari aone. Lakini maumivu makali yakija ghafla kwa mara ya kwanza, au na homa, au mwili ukilegea upande mmoja, usirekodi. Mkimbize hospitali.