Mnyama wa kigeni ya kufuga: kasuku ao simbiliki?

Bandugu, kuna ile swali wanafunzi wanapenda kuulizana wakati masomo imewachokesha: kama unapewa ruhusa na feza ya kufuga mnyama mmoja wa kigeni nyumbani, unachagua gani? Mmoja anasema chui, mwengine chatu, na wengi wanaangukia ku kasuku, ile ya kijivu yenye mkia mwekundu. Ninawaelewa. Chui inakula nyama kila siku, na wewe mwenyewe hauna hata ya Jumapili. Kasuku inaomba mbegu tu, tena inaongea.

Akili yake njo inavuta watu. Ku Marekani, mwanasayansi Irene Pepperberg alinunua kasuku ya kijivu mu 1977, akaiita Alex. Mpaka ilipokufa mu 2007, ilijua majina ya vitu karibu 50, na rangi, na maumbo, na kuhesabu mpaka sita. Unaionyesha vitu viwili, unaiuliza vinatofautiana kwa nini, inajibu: rangi. Ile si kurudilia maneno tu sawa radio.

Lakini akili ya namna ile haikai bure. Mu pori, kasuku inatembea mbali kila siku kutafuta ngazi na matunda, magaribi inarudi kulala na wenzake kwa makundi makubwa, na inakaa na mwenzi mmoja. Ukiifunga peke yake mu tundu pa veranda, mara nyingi inaanza kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki uchi. Watu wanafikiri ni ugonjwa wa ngozi, wanaipaka mafuta. Ni upweke. Na inaweza kuishi miaka 40 na zaidi: mwanafunzi wa miaka 20 akiileta leo, watazeeka pamoja.

Sasa tuhesabu, juu mimi nilisoma agronomia na siwezi kuacha hesabu. Jike inaanza kutaga ikiwa na miaka kama mitatu mpaka mitano, mu tundu ya mti mkubwa, mayai matatu mpaka matano, na si yote inatoa kitoto chenye kuruka. Wategaji wanapaka ulimbo ku matawi, wanafunga kasuku moja ya kuita zingine, kundi linashuka. Nyingi zinakufa mbele ya kufika ku muchuuzi. Mfugo wenye kuzaa polepole vile, na wewe unatoa kwa kundi zima, shamba linaisha. Njo maana mu 2016, mu mkutano wa CITES kule Johannesburg, nchi ziliweka kasuku ya kijivu mu Anexi ya kwanza: kuuza za pori toka nchi moja mpaka ingine kukafungwa. Na hapa kwetu tuko na sheria ya 2014 juu ya ulinzi wa viumbe.

Ninasema hii juu ya vijana wenye diploma bila kazi. Mtu anakuandikia: nitafutie kasuku mbili, kuko komisyo. Yeye yuko mbali, mwenye kukamatwa na tundu ku barabara ni wewe. Na ile ndege ikishanyanganywa, haiachiliwe kesho yake. Pale Lwiro, mu Kivu ya Kusini, kwenye wanatunza masokwe, wanapokea na kasuku. Yenye walikata mabawa inangoja miezi mingi manyoya iote upya ndipo iweze kuruka.

Tena, kigeni ni nini? Kasuku ni ya kigeni kwa mtu wa Bulaya. Kwetu ni mwenyeji wa pori. Mnyama wa kigeni wa kweli iko mu jikoni ya mama yako: simbiliki, wengine wanaiita dende, Wafaransa wanaiita kobayi. Imetoka ku milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kwenye watu waliifuga tangu maelfu ya miaka. Ni kidogo, haipande ukuta, haina fujo. Wakati wa kukimbia vita, ng'ombe inabaki, simbiliki inaingia mu kikapo.

Na iko inazaa! Mimba ni siku 68 hivi, watoto wawili mpaka wanne, wanazaliwa macho wazi na manyoya tayari, kesho wanatafuna majani. Kama uko mwanafunzi mu chumba cha kupanga, anza na dume moja na majike matatu, juu nayo haipende kukaa peke yake. Kila kisha muda ubadilishane dume na jirani, la sivyo damu inarudiana na watoto wanakuwa wadogo wadogo. Mwili wake, sawa wetu, haujitengenezee vitamini C. Ukiipa pumba peke, itavimba viungo na kufa. Majani mabichi kila siku: ya viazi vitamu, majani ya shamba, maganda ya ndizi.

Kuonea huruma wakati wa kuichinja, ile nayo ni shida. Kuko watoto wanaipa majina, baba anashindwa kula.

Maganda ya avoka peke yake musiipe, hata majani yake. Ni sumu kwa simbiliki, na kasuku pia inaiua.