Herufi ya Sidiria Haina Maana Bila Namba Yake

Wanawake wengi huamini kwamba sidiria yenye herufi D ni ya mwenye matiti makubwa, na yenye A ni ya mwenye matiti madogo. Sivyo. Herufi haipimi titi. Inaonyesha tofauti kati ya mzunguko wa kifua chini ya matiti na mzunguko wake pale matiti yalipojaa zaidi. Ndiyo maana kikombe cha 70D kina ujazo unaokaribiana sana na wa 80B. Asiyelijua hilo huvaa sidiria inayomuumiza miaka nenda miaka rudi, akidhani kasoro ni ya mwili wake.

Titi halina msuli ndani yake. Ni tezi za maziwa na mafuta, na linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba ziitwazo kano za Cooper, kwa heshima ya Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1840. Mwanamke anapokimbia, titi hupanda na kushuka, huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza wamepima mwendo huo na kuona unachora umbo kama la namba 8. Sidiria ipo kupunguza mtikisiko huo, na uzito mwingi unapaswa kubebwa na mkanda unaozunguka kifua. Mikanda ya mabegani ni wasaidizi tu.

Kupima mwenyewe nyumbani hakuhitaji zaidi ya futi ya fundi cherehani. Kwanza zungusha futi chini kabisa ya matiti, ikibana kiasi na ikiwa sawa mbele na nyuma. Kisha izungushe pale matiti yalipojaa, bila kuyakandamiza. Tuseme umepata sentimita 75 na 92. Tofauti ni 17. Kwa kipimo cha Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Wewe basi ni 75C. Sidiria hiyohiyo Waingereza huiandika 34C, kwa kuwa wanatumia inchi, na Wafaransa 90C. Anayechambua sidiria sokoni anaweza kuziona lebo hizo tatu na kudhani ni saizi tatu tofauti.

Sasa tuchukue mwanamke mwenye sentimita 75 chini na 96 juu. Saizi yake ni 75E, lakini dukani mara nyingi E haipo. Anapewa 85C, na kwa kuwa matiti yanaenea kwenye vikombe, anaridhika. Tatizo liko nyuma. Mkanda umempita kwa sentimita 10, kwa hiyo unapanda mgongoni na vikombe vinashuka mbele. Ili kuvirudisha juu anafupisha mikanda ya mabegani, na hapo uzito wote unahamia mabegani. Mkanda mwembamba humkata begani kama mpini wa kikapu kizito unavyokata kiganja. Wengi wanaopata michirizi mabegani wanahitaji mkanda mfupi zaidi wa kifua na herufi ya mbele zaidi.

Katika utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2008, wanawake vijana 30 walipimwa. Asilimia 80 walikuwa wamevaa saizi isiyo yao, na wengi wao walivaa ndogo mno. Kundi hilo ni dogo, lakini linaonyesha kwamba hata penye maduka mengi watu hukosea.

Unapojaribu sidiria mpya, ifunge kwenye kifungo cha mwisho kwa nje, kwa sababu mpira hulegea kadiri unavyofua, nawe utahitaji kusogea ndani. Mkanda ukae sawasawa kuzunguka kifua. Waya ulizingire titi bila kulikalia. Ikiwa titi moja ni kubwa kuliko jingine, jambo la kawaida kabisa, fuata lile kubwa. Pima upya baada ya ujauzito, wakati wa kunyonyesha, na unapoongezeka au kupungua uzito. Anayenyonyesha aepuke inayobana, maana mgandamizo unaweza kuchangia kuziba kwa mirija ya maziwa.

Habari kwamba sidiria inaleta saratani haina ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, waliwalinganisha wanawake zaidi ya 1,000 waliougua saratani ya matiti na wengine wasiougua, na hawakuona uhusiano wowote.

Chupi nayo huchaguliwa kwa mzunguko wa nyonga pale zilipo pana zaidi. Kiuno peke yake hakitoshi. Inayobana kinena huchubua ngozi na kufungia jasho, na unyevunyevu huwapa fangasi nafasi ya kustawi. Pamba hupitisha hewa vizuri zaidi.

Nchini Tanzania, Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Afya ya mnunuzi ilindwe pia anaponunua mpya: kila muuzaji awe na futi na pazia la kujaribia, na alete mikanda mifupi yenye vikombe vikubwa. Wanawake wa maumbo hayo wapo, na pesa wanazo.